Sanduku la marehemu mzee wetu wa AA: nilitunze, nilifunge au nilichome?

Mwana wa Kizingo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu. Nimeona nililete hapa maana kikaoni kwetu kila likitajwa chai inapoa.

Mimi ni mlevi niliyeacha. Mwaka wa kumi na moja huu sijaonja, niko AA (Alcoholics Anonymous, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha bila kutajana majina) hapa Mombasa. Miezi miwili nyuma tulimzika mzee wetu, yule aliyewapokea mlangoni zaidi ya nusu yetu. Jina lake silitaji, na anayemjua naomba asilitaje humu. Baada ya arobaini mjane wake akaniita. Nimemkuta barazani, pembeni yake sanduku la bati la kijani, yale ya kwendea bweni enzi zetu. Akasema, "Mwanangu, hivi ni vyenu. Miaka yote vimelala chini ya kitanda changu. Watoto wanataka kile chumba. Beba, au nimpe kijana wa vyuma chakavu abebe bati, karatasi nitawashia jiko."

Nikabeba. Tuktuk nzima nimelikumbatia kama maiti ya mtoto.

Ndani kuna madaftari manne ya hesabu na mihutasari, mawili mchwa wameyala pembeni hadi yamekuwa kama ramani ya visiwa vya Lamu. Kuna bahasha za barua zenye stempu za Marekani. Kaseti kumi na tisa, nyingine zina tarehe, nyingine hazina kitu. Picha. Kopo la Blue Band limejaa sarafu zetu za kuhesabia miezi na miaka ya kutokunywa. Kitabu Kikubwa, kile kitabu kikuu cha AA, cha Kiingereza, kimepoteza jalada. Na chini kabisa, limefungwa kwa kanga, daftari refu la majina kamili, simu, mtaa na mahali pa kazi. Hilo la mwisho ndilo linaninyima usingizi. Mle ndani nimewaona watu wakubwa wa mji huu. Wengine wametangulia, na watoto wao ndio wakubwa wa sasa.

Kikaoni mmoja kasema tuchome vyote. Kijana mmoja anataka apige skani atupie kwenye grupu la WhatsApp, "historia yetu jamani." Wa tatu kasema nirudishe chini ya kitanda, safari hii changu. Nauliza wanaojua: wenzetu kwingine hufanyaje?

Sululu wa Buguruni

Choma mkuu. Magharibi isikukute nalo.

Kila kikao tunasema unayemwona hapa na unayoyasikia hapa yabaki hapa. Mila ya Kumi na Mbili, katika zile kanuni za makundi yetu, inasema kutotajana ndio msingi wa kiroho wa mila zote. Haikusema msingi mpaka mtu afe. Mdomo unaweza kunyamaza, karatasi haijui kunyamaza.

Dada wa Akron

Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo. Kaka Sululu, punguza moto kidogo nikueleze.

Mimi si mlevi, mume wangu ndiye, mimi niko Al-Anon, ushirika wa jamaa za walevi. Tunaishi Ohio, mji wa Akron, na kwa sababu ya mji wenyewe haya mambo nimejikuta nayajua bila kuyatafuta. Ni hapa AA ilipoanzia: Mei 1935 Bill W., mlevi aliyeacha, mtu wa masoko ya hisa kutoka New York, alikwama kwenye hoteli ya Mayflower. Dili limeharibika, mfuko mtupu, baa ya hoteli inamwita. Akaenda kwenye simu kutafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, asinywe. Ile simu ndiyo iliyomfikisha kwa Dr. Bob, daktari wa upasuaji ambaye mikono ilikuwa inatetemeka kwa ulevi, na hao wawili ndio waanzilishi wa AA. Dr. Bob alikubali kumsikiliza dakika kumi na tano tu, wakaachana usiku. Nyumba yake bado ipo Ardmore Avenue. Mama yangu alipokuja kututembelea nilimpeleka, akashangaa: "Kumbe nyumba ya watu wa kawaida tu."

Sasa haya yanajulikana kwa sababu kuna watu waliobana karatasi zao. Bill mwenyewe katikati ya miaka ya 1950 alisafiri hadi huku na mashine ya kurekodi, akawahoji wazee wa mwanzo kabla hawajaisha. Dr. Bob alifariki Novemba 1950. Sauti yake tunaisikia leo kwa sababu Desemba 1948 alizungumza Detroit na mtu mmoja akawa na akili ya kuwasha mashine.

Na New York kulikuwa na mwanamke anaitwa Nell Wing. Hakuwa mlevi. Aliingia ofisi ya AA mwaka 1947 kama mfanyakazi, akawa katibu wa Bill mpaka Bill alipofariki 1971. Huyu ndiye aliyekusanya, akapanga, akawa mtunza nyaraka wao wa kwanza. Kamati ya nyaraka iliundwa 1973, chumba chenyewe kikafunguliwa Novemba 1975. Hesabu miaka hiyo: tangu 1935 hadi 1975. Miaka arobaini mambo yalikuwa kwenye makabati na chini ya vitanda, kama kwenu.

Sasa sikia hili, kaka Sululu, maana ndilo swali lako. Barua za watu zimo mle kwa maelfu, lakini huingii tu ukajisomea. Mtafiti anaomba kwa maandishi, kamati inakaa, akikubaliwa anapewa masharti: aliyehai na aliyekufa, wote wanaandikwa jina la kwanza na herufi moja ya ukoo. Hawakuchoma, na hawakubandika ukutani.

Sululu wa Buguruni

Dada, New York wana milango ya chuma na mawakili. Sisi tuna sanduku la bati na vijana wa WhatsApp.

Dada wa Akron

Hapo nakubali. Ila ngoja nikupe kingine kidogo. AA duniani kote inahesabu kuzaliwa kwake tarehe 10 Juni 1935, siku Dr. Bob alipokunywa mara ya mwisho. Alikunywa baada ya kutoka kwenye mkutano wa Chama cha Madaktari wa Marekani, Atlantic City. Watu wa historia walipokwenda kuangalia ratiba ya mkutano ule, wakakuta ulianza tarehe 10 yenyewe! Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa siku halisi ni kama wiki moja baadaye. Sherehe bado ni tarehe 10, hakuna aliyeibadilisha, na hakuna aliyerudi kwenye chupa kwa sababu hiyo. Lakini mtu anajua ipi ni hadithi na ipi ni karatasi. Mwana wa Kizingo, kundi lenu mnasimulia lilianzaje?

Mwana wa Kizingo

Tunasimulia kwamba padri mmoja Mzungu alilianzisha, akawapa wazee ukumbi na kahawa. Kila mwaka siku ya kuzaliwa kundi tunamtaja.

Umenifanya nifungue daftari la kwanza la hesabu usiku huu. Juu ya jalada mtu ameandika kwa wino wa buluu: *Mali bila daftari hupotea bila habari.* Ukurasa wa kwanza ni sukari, majani ya chai, mafuta ya taa, kiberiti. Mafuta ya taa, wakuu! Ukumbi wa padri ulikuwa na umeme. Mwandiko ni wa mtu mmoja miaka karibu minne, na kila mwisho wa mwezi sahihi ni "M., katibu". Padri anaingia daftari la pili, kwenye mstari wa kodi ya ukumbi. Kabla yake walikuwa wanakaa kwa mtu. Kwa M. huyo, nadhani.

Mjane nimempigia. Kanicheka: "M.? Si yule mama wa mandazi wa Majengo. Mume wa kwanza kunywa chai kwake alikuwa wangu." Alikuwa na maana mume wake, marehemu mzee. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kututajia mwanamke.

Mtu wa Nyaraka

Nimesoma kimya, sasa nimeshindwa. Nimefanya kazi ya nyaraka Unguja mpaka kustaafu. Si mtu wa ushirika wenu, ila mdogo wangu ni wa NA (Narcotics Anonymous, ushirika kama wenu wa walioacha madawa ya kulevya), na nimeona karatasi zikifa kwa mapenzi kuliko kwa uadui. Mwana wa Kizingo, kabla hujagusa tena: piga picha sanduku lilivyo. Tabaka kwa tabaka. Usipange upya kwa akili yako. Namna mzee alivyoviweka nayo ni habari. Lile daftari lilifungwa kwa kanga na kuwekwa chini kabisa. Mzee alikuwa anakwambia kitu.

Sasa mchwa. Toa madaftari hayo mawili nje kwenye kivuli, si juani, yapige brashi laini ya rangi, vaa barakoa. Kisha yatie kwenye mfuko wa nailoni, bana hewa, funga kabisa, weka kwenye friza ile ya kugandisha samaki wiki mbili. Ukitoa usifungue mfuko, acha siku nzima barafu iishe kwanza, maana maji yatajikusanya juu ya mfuko badala ya juu ya karatasi. Picha na kaseti usiziweke humo hata kidogo.

Stepla na vibanio vya chuma vitoe, kutu inakula karatasi kama kidonda. Usivute kwa kucha, kunjua miguu ya stepla kwa nyuma na kisu kisichokata. Selotepu marufuku, hata kama umeona kurasa zinaachana. Laminesheni marufuku mara mbili: watu wakipenda kitu wanakipeleka kupigwa plastiki, na hapo ndipo wanapokizika. Kuandika chochote juu ya nyaraka tumia penseli laini, nyuma, pembeni. Vipande vya gazeti vina asidi, vitaacha rangi ya chai kwenye kila kilicho jirani, kwa hiyo vitoe nakala kwenye karatasi ya fotokopi na vya asili vikae peke yake. Naftalini usitupie ndani, inanuka.

Mombasa adui wako mkubwa ni unyevu. Kabati la chuma lenye rangi ya unga iliyookwa kiwandani, lisiguse ukuta wa nje, lisikae sakafuni, chumba kipitishe hewa. Chini ya kitanda ni mahali pabaya, ingawa pamefanya kazi kuliko ofisi nyingi ninazozijua.

Fundi Kaseti

Mimi nitasema ya kaseti tu maana hayo mengine siyajui. Niko Mwembe Tayari, nimerekodi harusi tangu vhs.

Bosi, usiweke kaseti yoyote kwenye redio ya nyumbani "nisikie kidogo tu". Hiyo kidogo ndiyo inayokata tepu. Kwanza angalia juu ya kila kaseti, pale nyuma, kuna vijino viwili vya plastiki kulia na kushoto. Vivunje vyote viwili. Hapo hakuna redio itakayorekodi juu yake tena. Pili, angalia kile kipande kidogo cha sufi kinachosukuma tepu ndani. Kama kimebanduka, tunahamisha tepu kwenye ganda jipya. Halafu ninaichezesha mara moja tu, moja kwa moja inaingia kwenye kompyuta kwa faili kubwa ya wav. Usirekodi kwa simu mbele ya spika, na usinitumie kwa WhatsApp, inaminya sauti mpaka binadamu anakuwa nyuki.

Mwana wa Kizingo

Fundi, vijino nimevivunja. Kumi na saba vilikuwa bado vipo. Na nimegundua kwa nini umesema. Kaseti namba 7 juu imeandikwa kwa mwandiko wa mzee "M. — ushuhuda", chini yake kwa rangi nyekundu na mwandiko wa kitoto "TAARABU". Watoto wa mzee walikuwa wanapenda muziki.

Antiki 254

Habari ya jioni. Kuhusu hicho Kitabu Kikubwa. Mimi hununua vitu vya kale. Vitabu vya AA vya mwanzo huenda bei nzuri sana nje. Tuma picha ya ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu tuongee pembeni, mtu asipoteze.

Dada wa Akron

Mwana wa Kizingo usiongee pembeni na mtu. Fungua ule ukurasa mwenyewe, soma toleo. La kwanza ni la Aprili 1939, jekundu, nene kwa sababu walichagua karatasi nzito, ndiyo maana kikaitwa Kikubwa. La pili ni 1955, la tatu 1976, la nne 2001.

Mwana wa Kizingo

La tatu. 1976, chapa ya baadaye. Kimejaa mistari ya penseli ya mzee.

Antiki 254

Sawa ndugu. Kila la heri.

Dada wa Akron

Hehehe. Ameshuka gari likiwa linatembea.

Lakini ametukumbusha jambo ambalo hatujaligusa: nani mwenye hivi vitu? Mswada wenyewe wa Kitabu Kikubwa uliokwenda kwa mchapaji, wenye masahihisho ya mkono pembeni na katikati ya mistari, ulibaki kwa Lois, mjane wa Bill. Lois akampa rafiki yake mwaka 1978. Mwaka 2004 ukauzwa mnadani Sotheby's dola milioni 1.576. Mwaka 2017 ulipotaka kuuzwa tena, AA New York ikaenda mahakamani ikisema yule rafiki alikuwa ameshaandika karatasi 1979 kwamba ni zawadi kwao akishafariki. Kesi ikaisha, mnada ukafanyika Mei 2018, ukaenda kwa dola milioni 2.4. Aliyenunua wakati huo alikuwa mmiliki wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Indianapolis Colts. Watu wote hao walipendana, hakuna mwizi katika hadithi hii. Palikosekana karatasi moja kufika mahali pake mapema.

Kwa hiyo yule mama mwandikieni hati fupi. Amekabidhi nini, kwa nani, siku gani, na kwamba watoto wake hawadai. Asaini na watoto wasaini, ninyi mpeni nakala. Halafu sanduku liandikwe ubavuni: mali ya kundi. Usipofanya hivyo, siku yako ikifika, mkeo naye atamwita kijana mwingine barazani.

Mtu wa Nyaraka

Hapo dada amemaliza. Na msimpe mtu mmoja kila kitu. Nimeambiwa ushirika wenu hupokezana uongozi kila baada ya muda, na ni vizuri, lakini mtunza nyaraka anahitaji kukaa muda mrefu kuliko katibu, maana mwaka wa kwanza wote anajifunza kusoma mwandiko wa wafu. Muwe na kamati inayoamua na mtu anayetunza. Ufunguo uwe kwa mmoja, ruhusa iwe kwa wengi.

Soba wa Ng'ambo

Naingilia kutoka Unguja. NA, miaka sita safi, nafanya kazi soba hausi, nyumba ya kukaa watu wanaoacha madawa ya kulevya.

Tafadhali msichanganye vitu viwili. Sisi soba hausi tuna mafaili ya wateja: vipimo, dawa, historia ya familia. Hayo si nyaraka za ushirika, ni ya matibabu, yana sheria yake na hayatakiwi kuingia kwenye sanduku la kundi kamwe. Nyaraka za ushirika ni mihutasari, hesabu za mchango wa Mila ya Saba (ule wa wanachama wenyewe), matangazo, barua, picha, simulizi alizotoa mtu kwa hiari. Mara nyingi meneja mmoja ni mwanachama wa kundi na ndiye mwenye kabati, akihama vinahama vimechanganyika. Nimeyaona kwa macho yangu.

Sululu wa Buguruni

Nyinyi wote mnaongea vizuri. Sasa niwaambie kwa nini nilisema choma.

Mimi jina langu lilitoka. Halikutoka kwenye kundi, lilitoka mahali nilipolazwa miezi miwili kutibiwa. Sipataji. Kulikuwa na rejista kaunta, ya majina, mwajiri, na "sababu ya kulazwa". Mtu alipiga picha ukurasa mmoja kwa sababu ya jina la mtu mwingine kabisa, mtu maarufu kidogo. Mimi nilikuwa mstari wa chini yake. Picha ilizunguka. Jumatatu bosi ananisalimia kwa sauti ya hospitali. Kabla ya mwezi kwisha, kazi hakuna. Baada ya hapo nililewa kwa miezi kumi na nne.

Kwa hiyo mkiniambia hati na friza na penseli, nawaelewa. Lakini lile daftari la kwenye kanga lina watu kama mimi wa mstari wa chini.

Mwana wa Kizingo

Kaka Sululu, pole sana. Asante kwa kusema.

Mtu wa Nyaraka

Ndugu Sululu, pole. Na nakupa haki yako: watu hudhani kazi ya mtunza nyaraka ni kuhifadhi kila kitu. Nusu ya kazi yangu ilikuwa kuamua kipi kisihifadhiwe, na kukiteketeza kwa utaratibu. Orodha ya simu ni chombo cha kazi. Ilikuwa ya kumpigia mtu usiku amekaa na chupa. Kazi yake imekwisha. Thamani ya historia iliyobaki ndani yake unaweza kuitoa bila majina: walikuwa wangapi, mitaa gani, wanaume na wanawake wangapi, walifanya kazi za aina gani kwa jumla. Hesabu hiyo iandikeni karatasi nyingine. Kisha kamati ikae, iandike uamuzi, orodha iteketezwe mbele ya mashahidi wawili, wasaini siku na saa. Kuchoma kwa hasira usiku peke yako ni jambo jingine.

Na sheria zipo siku hizi. Kenya mna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania tuna ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Habari za afya ya mtu zimo katika zile zinazolindwa zaidi. Yule kijana wa kutupia WhatsApp msomeeni kwa upole.

Dada wa Akron

Mimi hapo moyo wangu unasita, Mzee wangu. Ningelifunga kwenye bahasha yenye lakiri, miaka hamsini. Kikiungua hakirudi.

Mtu wa Nyaraka

Binti yangu, lakiri ni ahadi ya watu ambao hawajazaliwa. Wewe unawajua?

Dada wa Akron

Siwajui. Lakini na kina M. walikuwa hawatujui.

Soba wa Ng'ambo

Na waliokufa je? Mzee mwenyewe sasa amefariki, picha yake na jina tuweke ukutani?

Dada wa Akron

AA wanasema kwa ujumla si busara kuvunja siri ya mwenzao hata akifa, lakini neno la mwisho ni la familia yake. Kwa hiyo ni kumuuliza mama.

Mwana wa Kizingo

Wakuu, nimepotea wiki tano, niwieni radhi. Nawaletea yaliyotokea.

Hati imesainiwa. Mama alitia sahihi kwa Kiarabu, watoto watatu kwa Kiingereza, mimi na katibu kwa kundi. Kuhusu jina la mzee, mama kasema: "Yeye alikuwa akijitambulisha kwenu vipi?" Nikamwambia, jina la kwanza tu. "Basi nani kawaambia amebadilika?" Ukutani tumeweka fimbo yake ya kutembelea, bila jina.

Madaftari yametoka friza ya jirani yetu muuza samaki, ambaye mpaka leo anaamini ni karatasi za shamba. Mchwa kwisha. Nimetoa stepla mia mbili na kitu kwa kisu cha siagi. Kila kurasa imepigwa picha, faili zimeanza na mwaka kisha mwezi kisha siku ili zijipange zenyewe, nakala moja kwenye diski kabatini, nyingine kwa katibu Mtwapa. Kijana wa WhatsApp ndiye aliyepiga skani zote, baada ya kusomeshwa. Kumbe alikuwa anatafuta kazi ya kufanya saa za jioni. Siku sitini zake za mwanzo amezimalizia juu ya ile meza.

Barua za New York ni majibu mafupi ya adabu: asante kwa barua yenu, tumewatumia vijitabu kadhaa, tupeni habari za kundi. Nakala za barua tulizoandika sisi hazimo. Dada wa Akron, yaani barua ya M. ya kuomba vijitabu huenda iko huko kwenu hadi leo, imetunzwa, wakati huku tulisahau kwamba aliishi. Katibu ameandika kuuliza.

Daftari la kanga. Tulikaa Ijumaa mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna msiba. Hatukupiga kura haraka, kila mtu alizungumza. Tumehesabu: watu 143, mitaa 16, wanawake 12. Pembeni mwa baadhi ya majina mzee aliweka alama ndogo ya msalaba kwa wengine na nyota kwa wengine, na mama anasema ni za wale aliowazika yeye mwenyewe. Tumezihesabu nazo, 38. Kisha tukaliteketeza ndani ya debe, mashahidi wawili, saa tatu na dakika ishirini usiku, ikaandikwa kwenye muhtasari. Kanga tumemrudishia mama.

Sululu wa Buguruni

Nimesoma mara mbili. Asanteni.

Hao 38 ndio nitawakumbuka.

Dada wa Akron

Mimi bado nimeumia kidogo, siwafichi. Lakini mmefanya kwa mkutano na kwa muhtasari, sina la kusema. Kuhusu barua ya M., wakijibu mtuambie. Na siku ya kuzaliwa kundi mwaka huu, padri mtamwambia nini?

Mwana wa Kizingo

Padri atabaki, kodi ya ukumbi alitupunguzia kweli, ipo daftarini. Ila mandazi yataletwa.

Fundi Kaseti, zile kumi na nane umezimaliza na kazi yako ni safi. Imebaki namba 7. Ile uliyonichezea dukani dakika nne za mwanzo kabla taarabu haijaingia, mama nimemsikilizisha kwenye simu kwa sikio. Kasema sauti ni yake M. Kuna mahali anasema "naitwa" halafu tepu inakwaruza, halafu watu wote chumbani wanaitikia salamu. Umeniambia ganda jipya linaweza kusaidia. Jumamosi asubuhi uko dukani?

Fundi Kaseti

Nipo kuanzia saa nne. Usiitoe kwenye kasha, usiiache garini juani.